Umama ni nini, kwani?

Wasee, kama unajifunza Kihispania kwa simu kama mimi, kati ya maneno ya kwanza utafunzwa ni "madre". Mama. Rahisi sana. Unajibu, unapata alama, unasonga mbele.

Halafu unaanza kusikiliza vijana wa Meksiko wakipiga stori, na hapo ndipo unapotea njia.

"Me vale madre": sijali hata kidogo. "Ni madres": zii, sahau. "Desmadre": vurugu tupu. "Partirle la madre" ni kumpiga mtu akapigika. Hata kidude umesahau jina lake wanaweza kukiita "esa madre".

Sasa cheki baba, yaani "padre". Kitu kikiwa kizuri wanasema "¡qué padre!" Kikizidi uzuri, "padrísimo". Baba ni mambo poa, mama ni balaa.

Na hawa ni watu wanaopenda mama zao! Siku ya Mama huko imesherehekewa tangu 1922, na ni Mei 10 kila mwaka, hata iangukie Jumanne ya kazi. Wengi hata hawamwiti mzazi wao "madre", maana linasikika kali. Wanasema "mamá", ama "jefa", yaani bosi.

Tuseme ukweli wote: kuna pia "a toda madre", na hiyo ni sifa, kitu fiti kabisa. "Lengua madre" ni lugha iliyozaa lugha nyingine. Njia ya mto pia inaitwa "madre", na mto ukifurika wanasema umetoka kwa "madre" yake. Hiyo niliipenda. Kwa hivyo neno lenyewe halina makosa. Ni vile mtaani mama ndiye anabebeshwa madharau mengi.

Nilikuwa nawacheka, mpaka juzi. Brathe yangu alinuna juu ya zamu ya kuosha vyombo, nikamwambia, "Buda, wacha umama." Kumbe mathe yuko mlangoni, ametoka job, viatu bado mkononi. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Umama ni nini, kwani?"

Nilikosa jibu. Ningemwambia ni kununa na kulialia juu ya vitu vidogo? Nimwambie nani, huyu aliyetulipia karo peke yake na sijawahi kumsikia akilalamika?

Najua kuna mtu atasema, "Hiyo ni lugha tu, hakuna mtu humfikiria mamake akisema hivyo." Sawa, hatufikirii. Shida iko hapo hapo. Kijana wa Meksiko akisema "me vale madre" pia hafikirii. Lakini mtoto wa miaka saba anayesikia "wacha umama" kila siku ameshajua nani ni wa kudharauliwa, na hakuna mtu alimkalisha chini kumfunza.

Sisemi tusafishe Sheng ikae kama insha ya shule. Sheng bila makali si Sheng. Lakini maneno tunayo mob. Mtu akinuna, mwambie amenuna. Akiwa muoga, mwite muoga. Mama anaingilia wapi?

Na kama lazima tubaki na hilo neno, basi tulitumie vizuri. Siku utaona mtu amefanya kazi kutoka asubuhi, amefika home usiku, na kitu cha kwanza anauliza ni kama umekula, mwambie: huo sasa ndio umama.