Msamiati Mmoja, Imani Mbili: Wakristo wa Tana ya Chini na Kitabu cha Mormoni

Suala la iwapo Wamormoni ni Wakristo limejadiliwa kwa muda mrefu na wanatheolojia wa Marekani na Ulaya, na aghalabu kwa Kiingereza. Nchini Kenya, ambako Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitambuliwa rasmi mwaka 1991 na ambako hekalu lake la Nairobi lilifunguliwa mwaka 2025, suala hilo lina upande usioangaliwa vya kutosha, nao ni upande wa lugha. Mkenya wa kawaida huyapokea mafundisho hayo kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ni kile kile alichokizoea kanisani kwake.

Tana ya Chini ni mahali pafaapo kulitazamia jambo hili, kwa kuwa Ukristo wa huko ulijengwa kwa kazi kubwa ya lugha. Wamethodisti walifungua kituo Golbanti mwaka 1885. Mwaka uliofuata mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo katika shambulio la Wamaasai. Mwaka 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walikaa Ngao, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo, akaandika sarufi yake na kuitafsiri Agano Jipya. Kazi yao hatimaye iliingia mikononi mwa Wamethodisti. Biblia ya Kiswahili ya 1952, iitwayo ya Muungano, ilipoenea, ilikuta watu waliokwisha kuzoea kupima neno la lugha moja kwa neno la lugha nyingine.

Watu hao pia wamezoea kuishi na jirani wa imani tofauti. Garsen, mji ulio karibu na njia panda ya Lamu na Garissa, una Waorma ambao ni Waislamu na Wapokomo ambao wengi wao upande wa chini wa mto ni Wakristo. Baina ya majirani hao lugha yenyewe hutangaza tofauti. Mmoja husema Isa, mwingine husema Yesu; mmoja huenda msikitini, mwingine kanisani. Hakuna anayetoka sokoni Garsen akidhani kwamba wawili hao wana itikadi moja. Kwa Mmormoni mambo ni kinyume. Yeye husema Yesu Kristo, Mwokozi, neema, toba, ubatizo, Roho Mtakatifu, ufufuo. Msikilizaji wa Ngao hutikisa kichwa kukubali kila neno, na mwisho wa mazungumzo husema, "Kumbe sisi ni wamoja."

Je, ni wamoja? Hebu litazamwe neno "mmoja" lenyewe. Katika Yohana 10:30 Yesu anasema kuwa yeye na Baba ni umoja. Kanisa la kale, tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, lilifafanua umoja huo kuwa ni wa asili: Baba na Mwana ni Mungu mmoja, si wawili, na baadaye jambo hilo likathibitishwa kwa Roho Mtakatifu pia. Mmormoni husoma aya hiyo hiyo na kuelewa umoja wa nia, kama vile Yesu alivyowaombea wanafunzi wake wawe na umoja katika Yohana 17. Kwake Baba, Mwana na Roho ni watatu waliotengana, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa unaogusika. Mwanadamu, kwa mafundisho hayo, aliishi mbinguni kabla ya kuzaliwa akiwa mtoto wa kiroho wa Baba huyo, na akitimiza maagano yake aweza kuinuliwa hata kufanana naye. Mkristo wa Golbanti naye huitwa mtoto wa Mungu kila Jumapili, ila hajapata kufundishwa kwamba yeye na Muumba wake ni wa jinsi moja.

Kitenzi "kuumba" nacho kinastahili kuangaliwa. Kiswahili hukitumia kwa Mungu na kwa mfinyanzi pia, anayeumba chungu kwa udongo uliokuwapo. Mapokeo ya Kikristo hulisoma neno hilo katika Mwanzo kwa maana ya kuleta vitu kutoka utupu. Mmormoni hulisoma kwa maana ya mfinyanzi: Mungu alipanga maada iliyokuwako tangu milele. Kitenzi hakimkatai yeyote kati yao, na ndiyo sababu hakiwezi kuwaamua.

Wamormoni wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Husema, kwa haki, kwamba neno "Utatu" halimo katika Biblia, na kwamba jina la Yesu Kristo limo katika jina la kanisa lao. Tangu mwaka 2018 viongozi wao wanasisitiza jina hilo kamili litumike badala ya "Mormoni". Tena, waumini wengi wa makanisa ya kale wangeulizwa kuueleza Utatu wangebabaika. Lakini kutojua maana ya imani yako hakuibadilishi kuwa imani ya mwingine. Hata Watakatifu wa Siku za Mwisho wenyewe hawadai kuwa sawa na makanisa mengine: hufundisha kwamba kanisa la kweli lilitoweka duniani baada ya mitume, likarejeshwa kwa Joseph Smith mwaka 1830 pamoja na ukuhani wake. (Ukuhani huo, yafaa msomaji wa Kiafrika akumbuke, wanaume wenye asili ya Afrika walinyimwa hadi mwaka 1978.)

Kuhusu maandiko, kanisa hilo huikubali Biblia kuwa neno la Mungu kwa kadiri ilivyotafsiriwa kwa usahihi, kisha huongeza Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Mwanafunzi wa tafsiri lazima asite kwenye sharti hilo. Tafsiri hupimwa kwa matini chanzi, na Kiebrania na Kigiriki cha Biblia vipo, mtu aweza kurudi kuvitazama, kama Würtz alivyoweza. Kwa Kitabu cha Mormoni njia hiyo imefungwa: mabamba ya dhahabu ambayo Smith alisema alikitafsiri kutoka kwayo alieleza kuwa yalirudishwa kwa malaika. Hivyo kitabu chenye matini chanzi hupewa sharti, na kisicho nayo hakipewi.

Gharama ya kuchanganya maana huonekana zaidi kwenye ubatizo. Wamethodisti hubatiza watoto wachanga. Kitabu cha Mormoni, katika sura ya 8 ya Moroni, hukemea vikali desturi hiyo, na kanisa hilo hubatiza kuanzia umri wa miaka 8. Kijana wa Ngao aliyeenda Nairobi kusoma, akijiunga nalo, atabatizwa upya, hata kama alikwisha kubatizwa mikononi mwa mama yake. Kwa upande wa pili, Kanisa Katoliki liliamua mwaka 2001 kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, na Wamethodisti wa Marekani walikuwa wametoa uamuzi wa kufanana na huo mwaka 2000. Kanisa la Methodisti la Kenya, lenye kujitawala tangu 1967, ni chombo kingine, lakini swali ni lile lile. Mama aliyesema "sisi ni wamoja" atapata habari za maana halisi ya neno hilo siku mwanawe atakapomwambia kwamba ubatizo aliomletea haukuwa ubatizo. Ni heri aambiwe mapema, na mwanawe au na mchungaji wake, kabla ya kijana kuingia majini.