PDF Tuitengeneze Wenyewe Hapa Shuleni

Wenzangu wanafunzi, nanyi walimu wetu mnaosoma sehemu hii ya Kiswahili, nataka kusema neno juu ya kazi ambayo wengi huidharau kwa kuwa huja mwisho, wakati kila mtu amekwisha choka. Ni kazi ya kuligeuza andiko lililopangwa katika kompyuta liwe faili la PDF, tayari kwenda kupigwa chapa. Kwa maoni yangu kazi hiyo yafaa ifanywe hapa hapa Kagugu, kwa kompyuta ya shule na kwa amri tunayoiandika wenyewe, wala isiachiwe duka la mjini, wala tovuti ya bure ambayo mwenyewe hatumjui.

Mtakumbuka mtihani wa majaribio wa hesabu wa muhula uliopita. Faili lilitiwa katika flashi, likapelekwa mjini kwa pikipiki, nalo lilikuwa bado bichi, yaani lile lile la kuandikia. Kompyuta ya dukani haikuwa na sura za herufi alizotumia mwalimu. Basi alama za kipeuo zikageuka visanduku vitupu, na swali la saba likakatika, nusu ukurasa huu na nusu ukurasa wa pili. Hakuna aliyeona mpaka karatasi zilipokwisha gawanywa. Mwalimu akasimama ubaoni akaandika maswali upya kwa chaki, sisi tukingoja kalamu mkononi. Mwenye duka simlaumu. Alipiga chapa kile alichokiona. Lakini kwa mtahiniwa wa mwaka wa sita dakika ishirini si kitu kidogo.

Jambo hilo lilitokeaje? Faili bichi halichukui herufi zenyewe. Huchukua maneno, pamoja na maagizo kama haya: hapa tumia herufi za sura fulani, ukubwa fulani. Likifika kwenye kompyuta isiyo na sura hiyo, kompyuta huchagua nyingine inayofanana, na kwa kuwa upana wake si ule ule, mistari husogea, na kurasa husogea pamoja nayo. PDF ni kinyume chake. Kila herufi imekwisha wekewa mahali pake katika ukurasa, na umbo la herufi lenyewe laweza kufungwa ndani ya faili, lisafiri nalo kama mtu aliyebeba chakula chake njiani. Kampuni ya Adobe ya Marekani ndiyo iliyoitoa mwaka 1993. Tangu mwaka 2008 ni kanuni ya kimataifa, ISO 32000, hata mtu yeyote aweza kuandika programu ya kuitengeneza au kuisoma bila kuomba ruhusa kwa Adobe.

Nimesema "laweza kufungwa" kwa makusudi, maana PDF nyingine hutengenezwa bila kufunga herufi ndani, nazo zitakuaibisha vile vile. Hapo ndipo amri inapomshinda mtu wa kubonyeza vitufe. Ukiandika pdffonts na jina la faili lako, kompyuta inakuletea orodha ya sura zote za herufi zilizomo, na safu moja yenye kichwa "emb" inakuambia "yes" au "no", zimefungwa au hazikufungwa. Ukiona "no" hata moja, usipande pikipiki.

Na sasa niseme juu ya chombo chenyewe. Mwaka 1977 Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake cha elimu ya kompyuta, akaziona mbaya, hasa penye hesabu. Wapiga chapa walikuwa wameacha herufi za risasi na kuingia njia mpya, na njia hiyo mpya ilikuwa haijajua kupanga hesabu. Angeweza kulalamika akaishia hapo. Badala yake alianza kuandika programu ya kupanga kurasa akaiita TeX (husomwa "Tek"), akaitoa bure kwa watu wote. Kila anapoirekebisha, namba ya toleo huongezewa tarakimu moja ya pai: toleo la mwaka 2021 ni 3.141592653. Huo ndio utani wa wanahesabu! Baadaye, katika miaka ya 1980, Leslie Lamport alitengeneza LaTeX juu ya TeX, ili mwandishi aseme tu "hiki ni kichwa, hii ni aya", na programu ijipangie mengine.

Lakini TeX ilizaliwa kabla ya PDF. Kwa hiyo zamani ulipaswa kwenda hatua tatu: amri ya kwanza hutoa faili la DVI, ya pili, dvips, huligeuza kuwa PostScript, ya tatu, ps2pdf, hutoa PDF. Aliyeifupisha safari hiyo alikuwa mwanafunzi kama sisi, ingawa wa chuo kikuu. Jina lake ni Hàn Thế Thành, kijana wa Vietnam aliyekwenda kusoma Brno katika nchi ya Cheki, naye katika miaka ya 1990 aliifanya kuwa kazi yake ya masomo: TeX itoe PDF moja kwa moja. Ikaitwa pdfTeX. Leo waandika pdflatex gazeti.tex, wabonyeza kitufe cha kuingiza, na gazeti zima laja. Kompyuta yetu ya maktaba ni kongwe, na hata hivyo kurasa 28 za majaribio ya toleo hili zilitoka kabla sijamaliza kunyoosha mgongo. (Amri hiyo iandikwe mara mbili, maana mara ya kwanza programu huhesabu kurasa, na mara ya pili huziandika namba hizo katika orodha ya yaliyomo.)

Najua mtasema nini, maana nimekwisha ambiwa bwenini. Wa kwanza husema: hata programu ya kawaida ya kuandikia ina kitufe cha kuhifadhi PDF. Ni kweli, naye anayekitumia amefanya vema mara kumi kuliko yule anayepeleka faili bichi. Kwa barua ya kuomba kazi sina ugomvi naye. Lakini gazeti letu huandikwa na mikono tisa, kila mmoja na vichwa vyake na nafasi zake, na mhariri akitaka vichwa vyote vipungue kidogo lazima apite kimoja kimoja usiku kucha. Katika LaTeX habadili ila mstari mmoja juu ya faili.

Wa pili husema: amri ni ngumu, na makosa yake yasemwa kwa Kiingereza kikavu. Hili nalikubali. Ukisahau kufunga mabano mamoja tu, kazi yote husimama. Lakini hukuambia imesimama katika mstari wa ngapi, na mtu aliyekwisha pambana na jedwali la programu ya vitufe, likimruka kila anapoligusa, atajua kwamba kuambiwa mahali pa kosa ni neema. Tena twasoma hesabu na fizikia ngumu kuliko hiyo. Katika kituo cha AIMS, kilichofunguliwa Kigali mwaka 2016 kwa wanaosoma shahada ya pili ya hesabu, kazi huandikwa kwa LaTeX. Atakayefika huko atafurahi kuwa ameanza mapema.

Wa tatu ndiye anayenitia hofu. Yeye husema: kwa nini taabu yote hiyo, ikiwa ziko tovuti za bure za kugeuza faili kuwa PDF? Unapakia, unangoja, unapakua. Ndugu yangu, umefikiri unapakia nini na wapi? Karatasi ya mtihani ambayo haijafanywa, au orodha ya alama za kidato kizima yenye majina ya watoto wa watu, imetoka Kagugu, imekwenda kulala katika kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua. Yamkini huifuta baada ya saa moja kama asemavyo. Yamkini haifuti. Amri ya kompyuta yetu haihitaji intaneti hata kidogo. Waweza kung'oa waya, ukafunga mlango, ukatengeneza mtihani, ukatoka na PDF mkononi. Mitihani ikivuja wanaoumia ni wale waliosoma kwa haki, nami sioni kwa nini tuache mlango wazi kwa ajili ya uvivu wa kuandika neno moja.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote, nalo ni Kiswahili chenyewe. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Basi yafaa kichapwe kwa heshima. Programu ya kupanga kurasa hukata neno mwisho wa mstari kwa kufuata kanuni za lugha iliyoambiwa. Iliyoambiwa Kiingereza itakuandikia "sham-bani" na "kitan-dani", mambo ambayo hata mtoto wa darasa la tatu hawezi kuyatamka hivyo, kwa kuwa silabi zetu ni sha-mba-ni na ki-ta-nda-ni. Katika mkusanyo wa LaTeX tulio nao sikuzikuta kanuni za kukata Kiswahili. Lakini chombo hiki hukubali kufundishwa: waandika \hyphenation na ndani ya mabano yake maneno yako na vistari vyake, na tangu hapo katika andiko lako hakosei tena neno hilo.

Wazee wa Kinyamateka, gazeti lililoanzishwa Kabgayi mwaka 1933, walikuwa na herufi za risasi, na mtu aliyepanga herufi aliamua mwenyewe neno likatwe wapi. Sisi twarudishiwa uamuzi ule ule bila kuchafua vidole. Wala amri si jambo geni katika kilima hiki: shule ya msingi ya Kagugu ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo nchini kupewa zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za OLPC, na ndani ya kila moja lilikuwamo dirisha la kuandikia amri. Nani alilifungua?

Naomba basi, kabla sisi wa mwaka wa sita hatujaondoka, wachaguliwe wanafunzi wawili wa mwaka wa nne, msichana na mvulana, niwaonyeshe kila Jumamosi baada ya usafi. Mitihani ya muhula ujao iletwe kwao ikiwa imepangwa, mwalimu mwenyewe akiwa ameketi kando, itoke PDF, ikaguliwe kwa pdffonts, ndipo iende dukani. Na orodha ya maneno ya Kiswahili yenye vistari vyake imebandikwa karibu na mlango wa maktaba. Imefika maneno 140. Atakayeona katika kurasa hizi neno lililokatwa vibaya aliandike pale kwa kalamu, nasi tutalitia kabla ya toleo lijalo.