Punda wa Lamu Aachiwe Njia Yake

Mgeni aliyeshuka gatini Lamu zamani, akaingia ndani ya mji kuelekea Mkomani au Langoni, aghalabu hakuwa na wa kumpisha njiani ila watu na punda. Kwani mji ule wa mawe ya matumbawe na chokaa ulijengwa kwa kadiri ya miguu, na vichochoro vyake vingi ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Punda huyo si pambo la kuwafurahisha watalii. Mawe ya kuta, mchanga, boriti za mikoko na maji ya kunywa vyote vilipanda mgongoni mwake, katika mashogi, na UNESCO ilipouandika mji wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, iliandika mji ulio hai, wala haikuandika magofu.

Leo bodaboda zimeingia. Katika mitaa mipya ya nje, ambako nafasi ipo na masafa ni marefu, manufaa yake hayakanushiki. Walakini ndani ya Mji wa Kale, ambako mtoto atokaye chuoni hukunja kona asione kijacho, na wazee huketi barazani miguu i njiani, chombo kile cha mwendo wa kasi ni khatari iliyo dhahiri, na kelele zake huingia hadi vyumba vya ndani.

Insafu yanilazimu niseme kwamba vijana waendeshao pikipiki wanatafuta riziki ya halali, lakini na mwenye punda naye ana aila ya kulisha. Tena punda mwenyewe amedhulumiwa na sisi tunaomsifu: amebebeshwa kupita kiasi, akaachwa na vidonda, mpaka ikahitajika hospitali yake mjini, nayo imekuwa ikimtibu tangu miaka ya 1980. Atakaye kumtetea na aanze kwa kumpunguzia mzigo.

Nionavyo mimi, kuzipiga marufuku pikipiki kisiwani kote ni dhuluma, na kuziachia zipite kila mahali ni kuubomoa mji. Serikali ya kaunti na iweke mpaka ulio wazi ukingoni mwa Mji wa Kale, vituo vya bodaboda viwe hapo, mizigo ipakuliwe na kukabidhiwa wenye punda kwa ujira uliokubaliwa, na asiruhusiwe kuvuka kwa pikipiki ila abebaye mgonjwa.