Imani si Hirizi

Hapana mtu asiyejua hofu. Mtoto huogopa giza, mwanafunzi huogopa mtihani, mkulima huogopa ukame, na mama huogopa homa ya mwanawe. Basi kuogopa si aibu. Walakini iko hofu iliyo mlinzi wa mtu, na iko hofu iliyo bwana wake. Asiyezipambanua hizi mbili hataelewa vema yale Kristo aliyowafundisha wanafunzi wake juu ya kuisumbukia kesho.

Hofu ya kwanza yaonekana Mikumi. Huko iko hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa yapita ndani yake. Wamo simba, tembo na nyati. Mtu mwenye akili hashuki garini kuwachezea, wala hapiti mbugani usiku kwa miguu. Hofu hiyo ni zawadi ya Mungu, nayo huokoa maisha. Ndiyo maana wazee walisema, Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Hofu ya pili ni wasiwasi, na watu wa Kilosa waijua. Mji wao uko kando ya mto Mkondoa, ushukao kutoka milimani. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua kubwa zilinyesha, mto ukafurika, maji yakaingia mjini na vijijini. Watu zaidi ya 20,000 waliachwa bila makao, wengi wakakaa katika mahema. Reli ya Kati iliharibika kati ya Kilosa na Gulwe, hata treni zikakoma kupita kwa miezi kadhaa.

Maji yalipwa, lakini hofu haikupwa pamoja nayo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu aliyeyaona mafuriko yale aweza kukesha usiku kucha akisikiliza mvua juu ya bati. Kukipambazuka hana nguvu za kulima, na mto haukupungua hata kijiko kimoja kwa kukesha kwake.

Hapo wengine humwambia, "Amini tu, nawe hutapatwa na neno." Shauri hilo ni jema masikioni, lakini si la kweli. Maji ya Mkondoa hayakuuliza ni nani asaliye na ni nani asiyesali. Mtu afikiriye kwamba sala itauzuia mto usiifikie nyumba yake aliyoijenga ukingoni, ameifanya imani kuwa hirizi. Bwana Yesu mwenyewe, aliposhawishiwa kujitupa kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Wala hakuwaahidi wanafunzi wake bahari shwari: dhoruba iliwapiga naye akiwa chomboni pamoja nao. Yeye alilala, si kwa sababu upepo ulikuwa mdogo, bali kwa sababu alijua yumo mikononi mwa nani.

Basi, imani yafaa nini? Nehemia atoa jibu. Alipokuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu, adui walitishia kuwavamia wajenzi. Yeye na watu wake walisali, kisha wakaweka zamu za walinzi mchana na usiku, na ujenzi ukaendelea. Sala haikuchukua mahali pa ulinzi, wala ulinzi haukuchukua mahali pa sala.

Mwamini wa Kilosa afuataye mfano huo humkabidhi Mungu mji wake, kisha huzibua mfereji. Huweka mbegu zake mahali pa juu. Haikati ovyo miti ya mlimani, kwa maana udongo usioshikwa na mizizi huchukuliwa na mvua ukajaza mto. Huwaonyesha watoto wake njia ya kukimbilia, na humkumbuka bibi kizee jirani asiyeweza kukimbia peke yake. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa kuwa mwenye wasiwasi hujitazama nafsi yake tu, bali mwenye upendo humtazama mwenziwe. Na katika kumtazama mwenziwe hofu yake hupungua. Akiisha kutenda hayo yote, hulala.

Mwanafunzi naye na atende vivyo hivyo. Akiogopa mtihani, asali, kisha afungue kitabu. Akiogopa kwa ugonjwa wa nyumbani, asali, kisha akachote maji na kumwita mganga wa hospitali. Huenda akashindwa mtihani, na huenda mgonjwa asipone upesi. Mungu hakuondoka kwa sababu hiyo. Mto waweza kufurika tena. Kesho haimo mikononi mwa mtoto wala mwa mwalimu wake, lakini kazi ya leo imo.