Mkono Wapasuliwa, Mwenyewe Yu Macho

Hapa Unguja mkono una maadui wengi. Kuna kifuo cha kufulia nazi, mbuzi ya kukunia, panga la shamba, msumeno wa seremala. Jeraha huonekana dogo. Mtu hulifunga kitambaa akaendelea na kazi. Kesho yake ndipo atambuapo kuwa kidole hakikunjiki. Kano imekatika, na kano haijiungi yenyewe.

Desturi ya zamani ni mgonjwa kufunga kula tangu usiku, kupewa nusukaputi, na mkono kukazwa mpira ili damu isimzuie daktari kuona. Mpira huo huuma mno, na ndiyo sababu moja kubwa ya kumlaza mtu usingizi. Lakini wataalamu wa usingizi ni wachache Afrika Mashariki nzima. Akiwa mmoja wao ameitwa kwa mama mzazi anayepasuliwa, kidole hakina budi kusubiri, na hapana wa kulaumiwa.

Njia iliyoenezwa na Daktari Donald Lalonde wa Kanada haihitaji mpira wala usingizi. Mkono hudungwa dawa mbili zilizochanganywa: lidokeini, iletayo ganzi, na adrenalini, ibanayo mishipa midogo ya damu. Kisha husubiriwa kiasi cha nusu saa. Haraka hapa haina faida.

Wasomaji waliopitia vyuo vya uuguzi watashtuka, maana vitabu vilikataza adrenalini vidoleni: kidole kitakufa! Ni kweli vipo vilivyokufa, wengi wao kabla ya mwaka 1950. Anayeshukiwa leo ni prokeini, ganzi ya zama hizo, iliyokuwa ikigeuka tindikali ikikaa ghalani. Lidokeini ilianza kuuzwa mwaka 1948, lakini hofu ikabaki palepale. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 3,110 waliodungwa adrenalini mkononi na vidoleni. Hakuna aliyepoteza kidole. Hata hivyo ipo dawa ya kuitangua, fentolamini, na ni vema iwe karibu.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, si fedha. Daktari akisha kuiunga kano, kabla ya kushona ngozi, humwambia mgonjwa: "Mzee, kunja kidole. Haya, kunjua." Wote wawili hutazama. Uzi ukiachia, au kano ikikwama njiani, hurekebishwa papo hapo. Aliyelala usingizi hawezi kusaidia hivyo. Kasoro yake hujulikana baada ya majuma, na pengine hurudishwa mezani.

Si njia ya kila mtu. Mtoto mdogo hatatulia, mwoga asilazimishwe, na mwenye vidole visivyopata damu vizuri apimwe kwanza.

Kwa hospitali kama Mnazi Mmoja, ipokeayo watu tangu Nungwi hadi Makunduchi, dawa hizi si ngeni. Lidokeini yenye adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku ileile, mkono ukiwa umefungwa gango. Ila mfua nazi asikikimbilie kifuo: kano iliyoungwa huhitaji kiasi cha wiki 12 kabla ya kazi nzito, na mazoezi ya vidole kila siku kama atakavyoelekezwa.