Kijana wa Kisauni amelipa kiingilio, nauli ya kurudi nani atalipa?

Jumamosi moja msimu uliopita dada yangu alinipigia simu saa mbili usiku. Hakunisalimu, na si kawaida yake. "Kaka, mpwao hajarudi na simu yake haipatikani."

Mpwa wangu ana miaka 17. Mchana huo alikuwa ameaga nyumbani Kisauni kwenda Mbaraki kutazama Bandari ikicheza na timu ya kutoka Nairobi. Mechi ilianza saa kumi, ikaisha kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hesabu ya mzazi yeyote, saa moja angekuwa amefika na yuko mezani anasubiri chai.

Aliingia saa tatu kasoro, viatu mkononi. Walikuwa vijana saba. Walipotoka uwanjani walipita msikitini wakaswali Magharibi, kisha wakaenda kutafuta matatu. Nauli waliyokuja nayo mchana ilikuwa shilingi 50. Sasa utingo anataka 100, na ukibisha anakwambia shuka, wenzio wako nyuma. Mfukoni kila mmoja alikuwa amebakiwa na 50 yake ile ile ya kurudia. Wakaamua kutembea. Wakaupita mji mzima, wakavuka daraja la Nyali kwa miguu, wakaingia Kongowea.

Kutembea si neno, tumetembea sana sisi enzi zetu. Kilichonikosesha usingizi ni kilichowapata walipokaribia nyumbani. Vijana saba, usiku, Kisauni, wanakwenda kwa haraka. Msomaji wa Mombasa hahitaji nimfafanulie picha hiyo inasema nini kwa mtu aliyekaa barazani kwake. Watu wa mtaa mmoja waliwazuia, marungu mkononi, wakawauliza wanatoka kumkata nani panga. Kilichowaokoa ni jezi, na mzee mmoja aliyemtambua mmoja wao kuwa mjukuu wa mwalimu wake wa madrasa. Mzee yule angekuwa amelala, leo ningekuwa naandika makala nyingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria jambo ambalo wengi watalicheka: nauli ya shabiki.

Ukitaka kujua nauli inafanya nini kwenye kandanda, nenda Mbaraki siku ya mechi ukaulize watu wanatoka wapi. Mimi nimefanya hivyo mara tatu. Sikubeba daftari, nilikuwa nikizungumza tu na waliokaa karibu nami. Kila mara nilizungukwa na watu wa Likoni. Si kwamba watu wa Likoni wanapenda mpira kuliko wa Changamwe au Bamburi. Ni kwamba Mlikoni anateremka kwenye feri, anapanda mteremko kwa miguu, anafika uwanjani. Kwenye feri abiria wa miguu halipi hata ndururu. Mlipaji ni serikali, na imekuwa hivyo miaka mingi mpaka tumesahau kwamba ile ni ruzuku. Tunaiona kama maji ya bahari, ipo tu.

Sasa mtazame wa Miritini, au wa Mtwapa. Nauli ya kwenda na kurudi inamzidi bei ya kiingilio. Akiwa na mtoto mmoja wa kumleta, ni mara mbili. Huyo hataonekana Mbaraki. Atabaki kwenye kibanda cha kuonyesha mpira mtaani kwake, atazame Arsenal na Manchester United, na jirani yake wa kiti ni mtu anayembembeleza aweke dau. Halafu tunalalamika kwamba vijana wa Pwani hawaipendi timu ya nyumbani.

Kuna jambo jingine kuhusu feri. Klabu ya Bandari ni ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Na huduma ya feri ya Likoni sasa iko chini ya mamlaka hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, shirika moja lina timu na pia lina usafiri wa bure unaomfikisha shabiki karibu na lango la uwanja. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo, imetokea. Lakini kama imewezekana kwa bahati upande wa kusini, sioni kwa nini isiwezekane kwa makusudi upande wa kaskazini na magharibi.

Kuna mji Uingereza unaitwa Brighton. Uko ufuoni kama sisi, na watalii wanaujaa kama sisi. Klabu yake, Brighton & Hove Albion, ilipoteza uwanja wake wa Goldstone mwaka 1997 baada ya kuuzwa. Kwa misimu miwili ikawa inachezea mechi zake za "nyumbani" Gillingham, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Mwaka 1999 ikarudi mjini kwenye uwanja mdogo wa riadha, Withdean, katikati ya makazi ya watu. Wenyeji wa hapo hawakutaka magari yawazibie milango, kwa hiyo masharti ya kibali yakawa makali: mashabiki waje kwa basi na treni, na klabu igharamie. Ulipofunguliwa uwanja mpya wa Falmer mwaka 2011, mpango huo ukahamia nao. Kwa miaka mingi, aliyenunua tiketi ya mechi alikuwa amenunua na usafiri wa basi na treni ndani ya eneo lililowekwa. Uwanja wa watu zaidi ya 30,000, na sehemu kubwa yao wanakuja bila gari.

Nimeutaja Brighton kwa sababu msukumo wake haukuwa ukarimu. Baraza la mji lilikuwa na kibali mkononi, likakataa kukitoa mpaka swali la usafiri lijibiwe. Wajerumani nao wana desturi kama hiyo. Tiketi ya Borussia Dortmund, kwa mfano, inakupandisha basi na treni za eneo lile siku ya mechi. Walipoandaa Euro 2024, kila mwenye tiketi alipewa pasi ya saa 36 ya usafiri wa umma. Qatar 2022, mwenye kadi ya Hayya alipanda metro bure. Hao wana mafuta na gesi, najua, utaniambia. Ndiyo maana nimeanza na Brighton.

Hadithi ya Gillingham nasi tunayo. Bandari ilipotwaa Ngao ya FKF mwaka 2019 ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Furaha ilikuwa kubwa, mpaka tulipojua kwamba mechi za nyumbani zitachezewa Kasarani, Nairobi, kwa kuwa Pwani nzima haina uwanja unaokidhi matakwa ya CAF. Nyumbani, kilomita karibu 480 kutoka nyumbani. Wakati huo uwanja wa manispaa ya Mombasa ulikuwa tayari umefungwa ili ukarabatiwe. Nisiseme mengi juu ya uwanja huo, nimeshauandikia na wino umekwisha.

CHAN ilipokuja mwaka 2025, Harambee Stars wakawafunga DR Congo na Morocco pale Kasarani, mambo yakawa yale yale. Treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, ambako zamani ilikuwa 1,000. Kwenda na kurudi ni 3,000, kabla hujala wala hujalala. AFCON ya 2027 nayo tunaiandaa pamoja na Tanzania na Uganda, na uwanja mpya unaojengwa, Talanta, uko Nairobi. Ikiwa hakuna mechi itakayotufuata sisi, basi itufuate treni. Siku ya mechi ya taifa, mwenye tiketi ya uwanjani apunguziwe nauli. Shirika la Reli ni la umma na AFCON ni ya umma, hakuna wa kumwomba ruhusa.

Lakini turudi Mbaraki, maana AFCON ni ya mwezi mmoja na ligi ni ya kila wiki.

Nani alipe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inaorodhesha kazi za kaunti. Michezo na vifaa vyake imo. Usafiri wa umma wa barabarani umo pia, umetajwa pamoja na feri. Kazi mbili, mwenyewe mmoja. Kwa miaka zaidi ya kumi ya ugatuzi, idara ya michezo imekuwa ikinunua mipira na jezi, idara ya uchukuzi ikipaka rangi mawe ya kando ya barabara, na sijawahi kusikia zimekaa meza moja kuzungumza juu ya saa mbili zinazofuata baada ya mechi.

Hesabu yangu ni ya kwenye karatasi ya sambusa, nisahihishwe na wanaojua. Ligi Kuu ina timu 18, kwa hiyo kila klabu ina mechi 17 za nyumbani. Tuseme kila mechi tunawasaidia mashabiki 500 wanaotoka mbali, shilingi 100 kila mmoja. Ni 50,000 kwa mechi, 850,000 kwa msimu mzima. Kuna warsha za siku mbili kwenye hoteli za ufuoni zinazokula zaidi ya hapo.

Wala sisemi pesa hizo apewe mtu mkononi. Pesa ya mkononi Kenya ina miguu. Wala matatu zisiamriwe kushusha nauli, maana ni mali za watu na mafuta wananunua wenyewe. Nasema mabasi machache yakodishwe. Mabasi ya shule hulala wikendi, tunayakodi kila siku kwa harusi na matanga. Moja liende Kisauni mpaka Mtwapa, moja Changamwe mpaka Miritini, jingine likihitajika lisimame Likoni ng'ambo kwa wa Ukunda. Mchana shabiki ajipangie mwenyewe. Jioni, dakika 40 baada ya kipenga ili watu wawahi Magharibi, mwenye kipande cha tiketi apande bure. Basi tu la kurudi. Shida yetu kubwa iko kwenye kurudi.

Kuna njia isiyogharimu hata shilingi: mechi za Mbaraki zianze saa tisa, si saa kumi. Jua litawaka, ndiyo, lakini watu watafika stejini kabla ya wafanyakazi wa mjini kumiminika Feri na nauli kupanda. Na mama mwenye binti anayependa mpira hatalazimika kuchagua kati ya mechi na giza. Mabinti wanaotaka kuja wapo, nina mmoja nyumbani.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi, nilipomweleza haya aliniangalia kwa jicho baya. "Shabiki wa mpira ndiye wa kulipiwa nauli, na mja mzito wa Mwakirunge anapanda bodaboda kuja hospitali?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo la kumaliza mjadala. Pesa za afya zisiguswe, hilo sina ubishi nalo. Ila kuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi za michezo ya kubahatisha. Yule kijana wa kibandani anayepoteza 50 zake kila Jumamosi kwenye dau ndiye anayeujaza. Kama kuna pesa ya umma iliyo halali kumrudisha nyumbani salama, ni hiyo aliyoitoa yeye mwenyewe kwa ujinga wake. (Kuhusu uhalali wa kamari yenyewe dini yetu imeshasema. Mimi nazungumzia kodi ambayo tayari iko kapuni.)

Mwingine aliniambia usafiri wa bure utaleta fujo. Ajabu. Usafiri wa bure tunaujua vizuri mno hapa Pwani. Siku ya mkutano wa siasa mabasi yanakuja mpaka kwenye vichochoro, vijana wanapakiwa na fulana wanapewa, wanarudishwa au wanaachwa huko huko. Sijamsikia kiongozi hata mmoja akisema hakuna bajeti ya mabasi hayo. Vijana wale wale, barabara ile ile. Tofauti ni kwamba siku ya mechi hakuna anayewahutubia.

Mpwa wangu amekwenda tena Mbaraki mara mbili. Mamake alikuwa amempiga marufuku, nikaingilia kati, na masharti yakawa kwamba nauli naitoa mimi na anarudi kabla ya saa moja. Mara ya pili nilimtumia 200 kwa simu. Jioni nikampigia kujua kama amepanda. Akaniambia amepanda, lakini wamepanda wawili tu kwa pesa ile, wengine watano wanatembea.

Maoni ya bajeti yakiitishwa katika wadi yetu nitakwenda na karatasi yangu ya sambusa. Mara ya mwisho tulikaa pale kuanzia saa tatu hadi adhuhuri tukizungumzia taa za barabarani na mtaro mmoja. Nitaomba dakika tano tu, na nimemwambia mpwa wangu aje na wale wenzake sita, na jezi zao.