Wafumbuzi wa Ridhaa Waachwe, ila Waonyeshe Njia Yao

Mwezi Mei 2019 Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kiliutangazia ulimwengu kwamba mtafiti wake, Gerard Cheshire, amekisoma kitabu ambacho hakuna aliyepata kukisoma. Ni mswada wa Voynich. Makala ya Cheshire ilikuwa imepita mikononi mwa wahakiki na kuchapishwa katika jarida la kitaaluma. Alidai kwamba mswada umeandikwa kwa lugha iliyotangulia Kireno, Kifaransa, Kiitaliano na ndugu zao, na kwamba watawa wa Kidominika waliuandaa kwa ajili ya malkia wa Aragon. Kuufumbua, alisema, kulimchukua wiki mbili. Habari ilienea kila pembe, na siku chache tu baadaye chuo kikaondoa tangazo lake, kwa kuwa wataalamu wa lugha na wa maandishi ya Zama za Kati walikwisha kuonyesha kwamba usomaji ule hausimami.

Wako wanaokitumia kisa hiki kudai kwamba picha za miswada ya namna hiyo zingebaki kwa wasomi, ili kelele zipungue. Wako pia wanaokigeuza upande wa pili: kwamba wasomi wana wivu, hawapendi mtu wa nje awatangulie. Naona pande zote mbili zimekosea shabaha. Kosa la Cheshire halikutokana na picha kuwa wazi, na wala milango ya taaluma haikulizuia. Lilipita katika jarida lenye wahakiki, likatangazwa na chuo kikuu. Kilichoshughulika nalo haraka ni ule uwazi wenyewe: yeyote aliyesoma dai lake aliweza kufungua ukurasa uleule siku ileile na kulipima.

Mswada wenyewe umehifadhiwa katika Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa namba MS 408. Una kurasa zipatazo 240 za ngozi, zenye michoro ya mimea isiyotambulika, duara za nyota na wanawake waliozama katika madimbwi ya maji ya kijani. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 2009 viliiweka ngozi hiyo kati ya 1404 na 1438. Wilfrid Voynich, muuza vitabu vya kale, aliununua kwa Wajesuiti nchini Italia mwaka 1912. Yale imeweka kurasa zote kwenye intaneti, bure, na tangu hapo madai ya kuufumbua hayakauki.

Linganisha na enzi za mlango kufungwa. Mwaka 1921 William Newbold, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitangaza kwamba mwandishi wa Voynich ni Roger Bacon, mtawa na msomi wa Uingereza wa karne ya 13, na kwamba ndani ya kila herufi mna vialama vidogo mno vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia tu. Wakati huo kitabu kilikuwa mali ya mfanyabiashara, na waliokuwa na picha zake walikuwa wachache. Ilipita miaka 10 hadi msomi John Manly alipochapisha pingamizi lake mwaka 1931, akaonyesha kwamba vile vialama ni nyufa tu za wino uliokauka. Newbold alikuwa amekwisha kufa, kitabu chake kimekwisha kutoka. Uwazi haupunguzi madai ya uongo, na huenda ukayaongeza. Unachofanya ni kuyafupishia maisha.

Hasara kubwa zaidi ya kufungia maarifa iko katika historia ya Linear B, maandishi ya kale yaliyopatikana Krete, na hapo ndipo ninapowaomba watetezi wa kufunga milango wasimame kidogo. Arthur Evans alianza kuchimba Knossos, kisiwani Krete, mwaka 1900, akapata maelfu ya vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa maandishi hayo. Alichapisha sehemu ndogo tu. Alifariki mwaka 1941 na sehemu kubwa ikabaki kabatini. Vibao vyake vikachapishwa kwa ukamilifu mwaka 1952. Katikati ya miaka hiyo aliishi Alice Kober, mwalimu wa lugha za kale katika chuo cha Brooklyn, New York. Kwa maandishi machache yaliyokuwa yamechapishwa alithibitisha kwamba maneno ya lugha ile yalibadilika mwisho wake kwa utaratibu maalumu, bila yeye kujua hata sauti moja. Mwaka 1947 ilimbidi avuke bahari hadi Oxford kunakili maandishi ya vibao vya Evans kwa mkono. Vibao vingine vya Linear B, vilivyochimbwa Pylos nchini Ugiriki, vilichapishwa 1951. Kober alikuwa amefariki 1950, akiwa na umri wa miaka 43. Ni dhuluma kwa akili ya namna ile kulazimishwa kusubiri.

Aliyefumbua mwaka 1952 ni Michael Ventris, msanifu majengo. Hakuwa na shahada ya lugha za kale. Kwa miaka mingi aliamini kwamba lugha ile ni jamaa ya Kietruski, lugha ya kale ya Italia, naye alikosea kabisa: ilikuwa Kigiriki. Lakini alikuwa akiandika maelezo ya kazi yake, pamoja na dhana zilizokuja kuanguka, na kuyatuma kwa wataalamu wa nchi mbalimbali ili wayapinge. Kilichofunga mjadala kilikuja baadaye. Carl Blegen, mwanaakiolojia aliyechimba Pylos, alisafisha kibao cha huko ambacho Ventris hakuwahi kukiona. Aliposoma silabi kwa jedwali la Ventris, neno lilitoka ti-ri-po-de, na kando yake pamechorwa vyungu vya miguu mitatu, viwili. Vyombo vyenye mikono minne viliandikiwa neno lenye maana ya mikono minne, na visivyo na mikono viliandikiwa neno lenye maana ya kukosa mikono.

Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa kila anayedai kuisoma Voynich, awe profesa au fundi bomba. Aweke wazi jedwali lake lote. Mtu mwingine achague ukurasa, mtu wa tatu ausome kwa jedwali hilo, na maana itoke ileile. Nadharia nyingi huanguka hapo, kwa sababu mwenye nadharia huchagua mwenyewe maneno matano yanayomkubali, kisha hujiruhusu kuongeza irabu, kugeuza herufi na kuhama lugha kila anapokwama.

Kuna hoja ya upinzani ambayo siwezi kuipuuza: muda. Wasomi wachache wa miswada hujikuta wakijibu madai yasiyokwisha, na kila jibu ni siku iliyotolewa kwenye utafiti. Ni mzigo wa kweli. Lakini angalia watu wa ridhaa wanatoa nini kwa upande mwingine. René Zandbergen, mhandisi wa mambo ya anga, alishirikiana na Gabriel Landini kutunga alfabeti ya EVA, inayowezesha maandishi ya Voynich kuingizwa kwenye kompyuta. Takwimu nyingi za mswada huu zinaegemea kazi ya namna hiyo. Na mwaka 2023 mwanasayansi wa kompyuta George Lasry, mwanamuziki Norbert Biermann na mwanafizikia Satoshi Tomokiyo walifumbua barua 57 za Mary, malkia wa Scotland, alizoandika kwa msimbo akiwa kizuizini kati ya 1578 na 1584. Zilikuwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, zimeorodheshwa kana kwamba zinahusu Italia. Wasomi wa Mary hawakuwa na sababu ya kuzitafuta humo. Watu hawa watatu walizikuta kwa kupekua picha zilizowekwa wazi, wakitafuta misimbo tu.

Jambo hili la uwazi linatugusa na sisi Waswahili. Miswada mingi ya tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu, ikiwemo iliyonakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, ipo London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Haihitaji mfumbuzi wa msimbo, ila hati ile haionyeshi kila sauti ya Kiswahili, na anayeweza kuamua neno lenye utata ni mara nyingi mzee wa Lamu au Pate aliyelelewa na tenzi hizo, asiye na cheo chochote chuoni. Mzee huyo anastahili picha kamili zenye ubora wa kutosha, bila ada wala barua ya utambulisho, na usomaji wake uandikwe kando ya ule wa msomi, kila mmoja akieleza kwa nini amesoma hivyo.